Santuri Zilizokuwa Chini ya Kitanda

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Sina ugomvi na wahenga, ila walisahau kutueleza dhahabu hiyo atakayeipangusa vumbi ni nani, na stima yake atailipa nani. Katika makala haya nataka kuwasimulia wanachama wenzangu, na walimu wetu wapendwa, habari za mashine ya santuri iliyoko nyumbani kwetu. Si mashine ya matajiri. Ni ya bei nafuu, ya plastiki nyeusi, nyepesi hata mdogo wangu wa darasa la nne anaweza kuibeba kwa mkono mmoja (ingawa haruhusiwi). Lakini mashine hiyo imetuletea mambo ambayo simu zetu zote zikijumlishwa hazijawahi kutuletea.

Najua wengine mtacheka. Siku nilipoitaja darasani, jirani yangu wa dawati aliniuliza kama nyumbani kwetu pia tunatumia taa ya chemni. Mwingine akasema, "Kwani nyinyi mnangoja Mwingereza arudi?" Nilicheka nao, kwa maana mchekwa huyafikia. Leo nataka kuwajibu kwa kalamu.

Tuanze mwanzo. Mashine ya kwanza iliyoweza kuinasa sauti ya mtu na kuirudisha ilitengenezwa na Mmarekani Thomas Edison mwaka wa 1877. Yeye alitumia kitu cha duara mfano wa mkebe, kilichozungushiwa karatasi nyembamba ya bati. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1887, Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akaleta sahani bapa kama tuzijuavyo leo. Sisi Waswahili hatukuchelewa kuingia katika mambo hayo. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, India, akarekodi nyimbo za Kiswahili zikatiwa kwenye santuri. Hebu fikiria, mwanamke aliyewahi kuuza vyungu mitaani, sauti yake ikavuka bahari na kurudi ndani ya sahani!

Santuri za zama hizo zilikuwa nzito, zikizunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani wanaopatikana India, na zikianguka zilivunjika kama sahani ya udongo. Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa santuri kubwa za vinaili, zinazozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Mwaka uliofuata, 1949, kampuni ya RCA Victor ikatoa zile ndogo za mizunguko 45. Hizi ndogo ndizo zilizopendwa sana kwetu. Hapa Mombasa, katika miaka ya 1960 na 1970, palikuwa na lebo ya papa hapa mjini iliyoitwa Mzuri, ambayo ilitoa santuri za taarab za waimbaji wa kwetu. Maana yake ni kwamba mtu aliweza kumsikia mwimbaji arusini usiku, kisha akamnunua dukani na kwenda naye nyumbani.

Mmoja wa wanunuzi hao alikuwa Babu yangu, Mungu amrehemu. Babu alikuwa karani wa ghala bandarini. Bibi husema mshahara ulipoingia, utaratibu wa Babu haukubadilika: kwanza unga, pili mafuta, tatu santuri. Basi mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, santuri zikajaa sanduku zima la bati. Gramafoni yake ilipokufa katika miaka ya 1990, hakupata sindano wala mkanda wa kuitengenezea. Sanduku likasukumwa chini ya kitanda, likakaa huko karibu miaka thelathini. Babu alifariki nilipokuwa darasa la sita. Sikuwahi kumsikia akipiga hata santuri moja.

Aliyetuletea mashine ni Ami yangu, ambaye ni mpishi katika meli ya watalii. Nilipokuwa Kidato cha Pili, alirudi likizo ya Desemba akiwa na katoni. Aliinunua Uingereza, na akatuapia kwamba bei yake ilikuwa pungufu ya bei ya viatu alivyovaa. Sitaitaja nembo yake, msije mkasema nimelipwa kuitangaza. Baba alileta amplifaya yake ya zamani, ile iliyokuwa imegeuzwa meza ya kuwekea maua, na spika mbili kubwa za mbao ambazo moja ilikuwa imetobolewa na panya. Fundi wa Mwembe Tayari aliziba tundu hilo kwa gundi na kitambaa. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtambo wetu wa muziki: kichwa kipya, kiwiliwili kikuukuu, na miguu yenye kiraka.

Siku ya kwanza kulikuwa na kioja. Tuliunganisha waya, ile nyekundu na nyeupe, Ami akaweka santuri, sote tukakaa kimya kama tulio kwenye mtihani. Lo! Ikatoka sauti nyembamba kama ya mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Baba akasema, "Hii ndiyo teknolojia ya Ulaya?" Ami akageuza kidude kidogo kilichoko nyuma ya mashine, na papo hapo chumba kikajaa. Udi ukalia, ngoma ikagonga, hata paka akaamka.

Kisa hicho nilikipeleka kwa mwalimu wetu wa Fizikia, naye akanifafanulia vizuri. Santuri ina mfereji mmoja tu, mwembamba sana, unaojikunja kutoka ukingoni hadi katikati. Kuta za mfereji huo zimechongwa mawimbi ya sauti. Sindano yenye ncha ya almasi hupita ndani yake na kutikisika, na mtikisiko huo huchezesha sumaku ndogo iliyo karibu na nyaya zilizosokotwa, umeme ukazaliwa. Ni lile jambo lililogunduliwa na Michael Faraday mwaka wa 1831, ambalo tutalisoma Kidato cha Nne. Umeme wenyewe ni mdogo mno, milivolti chache tu. Tena santuri inapochongwa, sauti nzito hupunguzwa makusudi ili mfereji usiyumbe na kumaliza nafasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mchakacho wa plastiki. Kwa hiyo ni lazima pawe na kifaa cha kukuza umeme huo na kurudisha kila sauti mahali pake. Amplifaya ya Baba haikuwa na kifaa hicho. Mashine yetu, pamoja na unafuu wake, inacho ndani, na ndicho kilichowashwa na kile kidude cha nyuma.

Hesabu nayo haikuniacha. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua kama dakika 20. Ukizidisha kwa mizunguko 33 na theluthi, unapata mizunguko kama 667. Nilipima kwa rula, nikakadiria urefu wa mfereji wote, nikapata kama mita 430. Yaani sindano ile, ikiwa imetulia tuli mbele ya macho yako, inatembea zaidi ya mzunguko mzima wa uwanja wa mbio! Nilijaribu pia kupima mwendo. Mizunguko 100 inatakiwa kuchukua dakika tatu kamili. Nilibandika kipande cha karatasi ukingoni, nikahesabu kwa saa ya simu, nikapata sekunde 178. Kumbe mashine yetu ina haraka kidogo, kwa hiyo kila mwimbaji huimba juu ya sauti yake kwa kadiri ya asilimia moja. Sikio la kawaida halijui. Bibi alijua siku ya kwanza. Alisema tu, "Huyu leo ana haraka, aenda wapi?"

Kuishi na mashine hii hapa Mombasa si lelemama. Adui wa kwanza ni vumbi, na wa pili ni hewa yetu ya chumvi. Majalada mengi ya Babu yalikuwa yamefanya ukungu wa kijani, na santuri zimeshikana. Tuliziosha moja moja kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni na kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha tukazianika kivulini. Nasema kivulini kwa sababu mdogo wangu aliiacha moja dirishani saa sita mchana, ikajikunja kama chapati iliyosahauliwa juu ya jiko. Adui wa tatu ni stima. Stima ikipotea katikati ya wimbo, mashine haizimi mara moja, bali sahani hupungua mwendo na mwimbaji huzama polepole kama mtu anayepiga miayo. Majirani wakisikia hivyo hujua kwetu kumezimika, na hutuita dirishani, "Amelala mwimbaji wenu?"

Lakini kuna raha yake. Simu inakupa nyimbo elfu, husikilizi hata moja hadi mwisho. Santuri inakulazimisha. Ndogo ya 45 inaisha kwa dakika tatu au nne, ni lazima uinuke uigeuze. Huwezi kuruka ruka. Tulianza kukaa pamoja sebuleni baada ya swala ya Isha, jambo ambalo tulikuwa tumeliacha. Mama alileta karanga, Bibi mkeka na ukili wake wa kusuka. Nikawajua waimbaji niliokuwa nikisikia majina yao tu: Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake, Juma Bhalo na maneno yake makali, Zuhura Swaleh na ile taishokoto inayolia kama mvua juu ya mabati. Kiswahili changu nacho kikanenepa. Maneno mengine nilikuwa nikimuuliza Bibi, naye alicheka akasema, "Hayo si ya kufunzwa mtoto." Mwalimu wa Kiswahili akinisoma hapa atanisamehe, lakini fumbo la mapenzi nililielewa kwanza kwa Bhalo, si katika kitabu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Muhula wa pili wa mwaka huu mambo yalituendea mrama. Baba ni dereva wa tuktuk, na injini ya tuktuk yake ilikufa. Fundi alitaka pesa nyingi, na tuktuk isipotembea nyumbani hakuingii kitu isipokuwa faida ya mahamri ya Mama. Mimi nami nilikuwa nadaiwa shilingi 11,200, pesa za chamcha na za mitihani. Ndipo rafiki wa Ami akatuunganisha na bwana mmoja anayenunua santuri za zamani. Alitumiwa picha za sanduku kwa simu, naye akajibu haraka: shilingi 15,000 kwa zote, zichukuliwe Jumamosi.

Zilikuwa 143. Nilipiga hesabu, kila moja ilikuwa kama shilingi 105. Lakini hesabu si unga. Baba alisema, "Mwanangu, santuri hazilipi karo chini ya kitanda." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alisema kweli. Na hata hivyo nilihisi kama mtu anayeambiwa afunge kitabu akiwa ukurasa wa tano. Zaidi ya nusu ya santuri hizo tulikuwa bado hatujazisikiliza. Nikamwomba Baba kitu kimoja: anipe wiki mbili niziandike zote katika daftari, tujue tunauza nini. Mwenye kuuza ng'ombe humjua meno, nilimwambia. Baba akanitazama, kisha akasema, "Wiki mbili. Si siku moja zaidi."

Kila jioni, baada ya kumaliza kazi ya ziada, nilikaa na daftari la kurasa 96 nikachora safu: namba, mwimbaji, wimbo, hali ya santuri. Santuri zilizokuwa na mikwaruzo mingi niliziwekea nyota. Nyingi zilikuwa za taarab, nyingine za dansi kutoka Nairobi, nyingine za sinema za Kihindi, nyingine za Kizungu ambazo Babu alizinunua kwa mabaharia. Nilijaribu kuzitafuta moja moja mtandaoni. Za Kizungu nilizipata zote. Za sinema za Kihindi nilizipata karibu zote. Za kwetu, nyingi sikuona hata jina. Hapo nikaelewa kwamba wimbo kuwa wa zamani na wimbo kuwa nadra ni mambo mawili.

Kulikuwa na santuri moja tu ambayo mashine yetu haikuweza kabisa. Ilikuwa nzito, ya mizunguko 78, karatasi yake imefutika. Mashine yetu inajua 33 na 45 tu. Hata kama ingezunguka upesi, sindano yake ni nyembamba mno, kwani mfereji wa 78 unataka sindano yenye ncha nene mara nne hivi. Ingekuwa kama kuendesha baiskeli ndani ya mtaro wa maji. Nikaiandika, "Namba 61. Haijulikani. Haijasikilizwa."

Siku ya tisa nilifika namba 97. Ilikuwa santuri ndogo ndani ya karatasi ya kaki, isiyo na jalada lake. Nikaiweka. Mwimbaji mwanamume alianza ubeti, na wanawake watatu wakampokea. Nilikuwa nimeinama nikiandika, niliposikia mlio wa ukili umekoma. Nikainua uso. Bibi alikuwa ameacha kusuka.

"Hiyo irudie," akasema.

Bibi hakuwahi kuniomba nirudie kitu. Nikainua mkono wa mashine, nikaurudisha mwanzo kwa uangalifu. Mwimbaji akaimba, wapokezi wakapokea.

"Waisikia hiyo sauti ya juu, iliyochelewa kidogo nyuma ya wenzake?"

"Naisikia, Bibi."

"Basi huyo ni miye."

Baba alikuwa mezani akila. Aliweka kijiko chini.

Bibi alisema alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Yeye na binamu zake wawili waliaga kwamba wanakwenda arusini, kumbe wanakwenda kurekodi. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamezibwa kwa magodoro, joto la kufa mtu. Walisimama nyuma ya mwimbaji, mbali na kipaza sauti, kwa sababu binamu yake mmoja alikuwa na sauti ya kuvunja gilasi. Walipewa soda na leso moja moja. Baba yake hakujua hadi anaingia kaburini. Miaka miwili baadaye aliolewa na Babu, na siku anapanga vitu vya nyumba, akaiona santuri ile ndani ya sanduku la mumewe. Babu alikuwa ameinunua kabla hata ya kumposa.

"Ukamwambia?" nikamuuliza.

"Hata. Wakati ule mwanamke kusikika sauti yake dukani kulikuwa na maneno. Kila akiiweka, mimi huenda jikoni."

Ndugu msomaji, karibu miaka ishirini Babu aliipiga santuri ile, na aliyekuwa akiimba ndani yake alikuwa jikoni akikuna nazi. Baba akamuuliza Bibi kwa sauti ya chini, "Mama, mbona hukutwambia sisi watoto?" Bibi akachukua ukili wake. "Mlipata kuniuliza?"

Sote tulinyamaza. Nilitazama karatasi ya katikati ya santuri. Jina la mwimbaji lipo, la kikundi lipo, la wimbo lipo. Majina ya wapokezi hayapo. Nikafikiria santuri zote 143, na wanawake wote wanaopokea humo, ambao kila mmoja wao alikuwa binti wa mtu na pengine sasa ni bibi wa mtu.

Msidhani kwamba baada ya hapo pesa zilidondoka kutoka mbinguni. Injini ya tuktuk ilikuwa bado imekufa, na deni langu halikupungua hata senti. Nilidhani Bibi atakataa katakata santuri zisiuzwe. Wapi! Asubuhi yake, tukinywa chai, yeye mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alimwambia Baba, "Hizo za Kizungu na za sinema za Kihindi uza, mwanangu. Mtoto asome. Hao watu wao wanao wa kuwahifadhi. Za kwetu ziache."

Daftari langu likafanya kazi hapo. Tulizitenga 58. Yule bwana alipokuja hakufurahi sana, kwa kuwa alizozitamani ni zile za Mombasa. Aliigusa ile ya karatasi ya kaki akasema hiyo peke yake ataipa shilingi 3,000. Bibi, aliyekuwa kwenye mkeka wake, alicheka hadi akapaliwa. Bwana yule hakuelewa anachekwa nini, wala hatukumweleza. Mwishowe alilipa shilingi 9,000 kwa zile 58, tena baada ya Baba kumwonyesha kwenye daftari hali ya kila moja. Shilingi 6,500 zilikuja shuleni, na zilizobaki zilikwenda kwa fundi. Deni langu lililosalia Mama alilimaliza kidogo kidogo kwa mahamri. Tuktuk ilirudi barabarani baada ya miezi miwili, na miezi hiyo tuliijua rangi ya njaa. Hadi leo Baba husema huenda tungeuza zote tungepumua mapema. Sisemi amekosea. Nasema tu kwamba jioni, mashine ikiwashwa, yeye ndiye wa kwanza kuvuta kiti.

Hata hivyo kuna jambo moja linalonikosesha raha, na ni la mashine yenyewe. Mashine za bei ghali zina uzani nyuma ya mkono, unaweza kupunguza mgandamizo wa sindano. Yetu haina. Mkono wake huibonyeza santuri kwa gramu tatu na kitu, na hakuna skrubu ya kulegeza. Gramu tatu mkononi si kitu, lakini ncha ya sindano ni ndogo mno, na almasi ni ngumu kuliko plastiki. Kila santuri inapopigwa, mfereji unalika kidogo. Sindano yenyewe nayo ikifikisha masaa mia kadhaa huwa butu na kuharibu zaidi, kwa hiyo nyuma ya daftari naandika masaa, na mpya tutaagiza kutoka Nairobi pesa zikipatikana. Maana ya haya yote ni moja: kila tunapoisikiliza sauti ya Bibi, tunaifuta kidogo. Tusipoisikiliza, ni kana kwamba bado iko chini ya kitanda.

Nilimweleza Bibi. Alifikiri kitambo, kisha akasema, "Hata miye naisha, mjukuu wangu. Wewe usiogope kuipiga. Ipige kwa sababu."

Basi tumeweka sheria. Namba 97 hupigwa siku ya Idd, na siku ambayo Bibi mwenyewe ameitaka. Kwa siku nyingine, Ami alinionyesha namna ya kuunganisha waya kutoka amplifaya hadi kwenye simu, tukainakili. Tuliituma kwa Shangazi aliye Maskati. Alipiga simu usiku, akakohoa kohoa tu, hakusema neno, mpaka Bibi akamwambia, "Haya basi, kalale." Nakala ya simu ni safi, haichakai. Lakini Bibi hataki kuisikiliza. Anasema ndani ya simu anasikia wimbo, kwenye santuri anasikia chumba, joto na magodoro yake.

Nilimwomba Bibi ruhusa ya kuandika habari hii katika jarida letu. Alinikubalia kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake. Nilimwambia kwamba hivyo tutakuwa tumefanya kama walioichapa ile santuri, tumewaacha tena wapokezi bila majina. Akasema jina lake wanalijua wanaomhusu, na hao watosha. Sikubaliani naye, lakini mkubwa ni jalala. Kwenye karatasi ile ya kaki nimeandika kwa penseli: "Wapokezi watatu. Wa pili ni wetu."

Wenzangu, nimalizie kwa ombi. Tazameni chini ya vitanda na juu ya makabati ya nyumbani kwenu. Mkikuta santuri, msizitupe wala msiziuze kabla hamjaziandika. Zisimamisheni wima kama vitabu, msizilaze moja juu ya nyingine, na ziwe mbali na jua. Zaidi ya yote, msizisikilize peke yenu. Mwiteni babu, bibi, au mzee yeyote wa mtaa, muulizeni: huyu ni nani, na anayempokea ni nani? Mashine inaweza kuturudishia sauti, lakini haijui mwenyewe ni nani. Wanaojua ni wazee, nao hawana upande wa pili wa kugeuza.

Na kama huna mashine, karibu kwetu siku yoyote baada ya Isha uje na santuri yako. Ila unawe mikono kwanza, sahani hizi hazipatani na mafuta ya viazi karai.